Matairi Matatu Yanatosha

Ukitaka kuwajua watu wa Sumbawanga, usiwatazame kanisani wala msikitini. Toa viti vya magari yao, halafu tazama chini. Mimi nimetazama, na mpaka leo nikikumbuka natema mate. Kwenye gari la mwalimu mmoja, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku ya gulio, chini ya kiti cha nyuma palitoka mifupa ya kuku, soksi ya mtoto iliyoota ukungu, parachichi lililogeuka uji mweusi, na panya. Panya mzima, amekauka, kalala kiubavu kama abiria aliyelipa nauli. Ptuu! Na mwalimu kasimama pale pale anacheka. "Aa, hayo ni mambo ya watoto."

Watoto gani wanaoficha mifupa ya kuku mwaka mzima?

Aliyeyatoa yote hayo kwa mikono yake ni Marsiana. Mimi nilisimama kwenye mlango wa nyuma wa duka langu, pua nimeziba kwa mtandio, nikimlaani mwalimu kimoyomoyo. Marsiana alikusanya uchafu kwenye ndoo, akamnyanyua yule panya kwa koleo, akaniuliza, "Dada Kulsumu, huyu naye tumuhesabu kwenye uzito wa gari?" Akacheka peke yake. Mimi chai ya asubuhi ilinishinda.

Nieleze vizuri. Mimi ninauza vipuri vya magari hapa mtaa wa Mazwi, duka aliloliacha baba. Nyuma ya duka kuna uwanja wenye ukuta wa matofali na geti la bati, nao aliuacha baba, lakini huo alituachia wawili, mimi na mdogo wangu Fahadi. Kwenye uwanja huo Marsiana alifanya kazi ya ufundi magari kwa miaka tisa. Alikuja kutoka kijiji cha Mwazye, kwa wazazi wake wanaolima mahindi na ulezi, akiwa na boksi la spana, begi moja, na mimba ya miezi sita. Ufundi alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa na gari bovu la kubebea mazao, bovu kiasi kwamba mtoto wa watu akawa fundi kwa kulisukuma tu. Mtoto aliyemzaa, Lydia, yuko kwa bibi yake kijijini, darasa la tatu, na daftari, sare, dawa, kila kitu cha Lydia kilitoka ndani ya ule uwanja wetu.

Miaka tisa, na bado wateja walikuwa wakiingia getini, wanamkuta Marsiana kavaa ovaroli, mafuta mpaka kwenye viwiko, spana mkononi, halafu wananiuliza mimi, "Fundi yuko wapi?"

"Si huyo."

"Siyo huyo, fundi mwenyewe."

Kha! Nilikuwa nawajibu kwamba fundi mwenyewe amekufa, huyu ndiye mzimu wake, kama wanataka watengenezewe na mzimu wasubiri kwenye benchi. Marsiana mwenyewe anakuwa ameshaingia chini ya gari. Nati ikimgomea anaisemesha kwa Kifipa, taratibu, mpaka inalegea. Akimaliza gari haliachii hivi hivi. Lazima aliendeshe mwenyewe mpaka barabara ya lami, alisimamishe mara tatu kwa nguvu, arudi. Mteja akimwambia ana haraka, anamwambia hata yeye ana haraka, wote wapande waende. Nilipenda sana hiyo tabia yake, ilinipa wateja. Mtu akitengenezewa kwa Marsiana, vipuri ananunua kwangu.

Siku za mbio zilianza mwaka juzi. Bwana Adriano, ambaye ana malori ya mahindi, alikodi greda akachonga njia ya vumbi ya mzunguko kwenye shamba lake lililochoka, kando ya barabara ya kwenda Matai. Vijana walikuwa wakikimbizana mjini, wanakosakosa mbuzi na watoto wa shule, akasema basi, leteni huo wazimu wenu hapa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mvua zikishakatika, mtu anakuja na gari lake dogo la kila siku, anazunguka peke yake mara tano, anapimwa muda, anampisha mwingine. Magari yenyewe ni haya haya ya mjini, Vitz, IST, Starlet, ya kupeleka watoto shule na kubebea viazi. Na kwa kuwa Adriano ana akili, alimweka Marsiana mlangoni. Gari ambalo hajalipiga alama ya chokaa kwenye kioo, haliingii. Neno lake ni la mwisho, Adriano alilitangaza hilo kwa kipaza sauti.

Sasa ndipo nilipoona uchafu wa pili, ambao ni mbaya kuliko wa panya.

Marsiana alikuwa akimwambia kila mtu maneno yale yale. Kwanza toa takataka zote, kitu kinachobingirika ndani kitakuja kukuingia chini ya pedeli. Kaza viti. Funga betri isirukeruke. Tazama matairi. Badilisha oili ya breki, pedi, paipu za breki, maana mjini unakanyaga breki mara moja kwa pumzi kumi, kule unakanyaga kila pumzi. Gari kwenda litakwenda tu, alikuwa akisema, kazi ni kulisimamisha. Wanamsikiliza, wanatingisha kichwa, "Sawa fundi, tumekuelewa fundi." Halafu wanaingia dukani kwangu kuulizia stika. Stika za moto! Stika za nge! Wanakata springi gari liinamie chini kama jike la bata. Wanatoboa bomba la moshi ili lingurume, wagonjwa wasilale. Paipu ya breki imepasuka ngozi kama kisigino cha mtu wa shamba, mwenyewe yuko mbele anapima upana wa stika. Nilikuwa nawauzia, sikatai, ila nilikuwa nawauzia nikiwa nimekunja uso.

Na katika wote hao, kinara alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Fahadi.

Fahadi ana miaka thelathini na moja, na mdomo wa watu sita. Alinunua Starlet nyeupe, akaiandika ubavuni FAHADI WA UFIPA, herufi kubwa kuliko mlango. Akang'oa viti vya nyuma ili gari liwe jepesi. Shangazi yetu alipofiwa huko Matai, magari yote ya ukoo yakaitwa kubeba watu kama kawaida yetu, na la kwake likaja tupu kama debe. Mama yangu mzazi, mtu wa miaka sabini na mgongo mbovu, alikwenda msibani amekaa kwenye mkeka juu ya bati, kashikilia mlango kwa mikono miwili. Alipofika alishindwa kusimama. Fahadi anawaambia watu wazima pale, "Hiyo ndiyo mbio, mama, mambo ya kisasa." Nilitamani ardhi ipasuke immeze, na gari lake.

Mwezi wa saba mwaka huu, wiki ya siku ya mbio, Marsiana aliliinua gari la Fahadi kwenye jeki. Ilikuwa Jumatatu. Akaniita nikaone. Paipu ya breki ya tairi la mbele kushoto ilikuwa inavuja, oili imechuruzika mpaka kwenye rimu na vumbi limegandia juu, uji uji mweusi unaonuka. Dukani sikuwa nayo ya saizi ile. Nikampigia mtu wangu wa Mbeya, akasema inapatikana lakini itafika Jumapili.

"Basi Jumamosi hii huendi," Marsiana akamwambia Fahadi. "Utaenda mwezi ujao."

Fahadi akamtazama kama aliyetukanwa. "Nimeshaalika watu. Washikaji wanatoka mpaka Tunduma kuja kuniona mimi."

"Watamuona mwingine."

Akaondoka na gari lake anapiga honi mtaa mzima. Mimi nikasema moyoni, afadhali.

Jumatano mchana, wakati Marsiana kaenda kufuata gari la mtu lililoharibika njiani, nikasikia nyundo uwanjani. Nikachungulia. Fahadi kachuchumaa, ana beringi kuukuu kutoka kwenye boksi langu la chuma chakavu, anaivunja juu ya jiwe. Akachagua gololi moja, akaifuta kwenye suruali, akaitia mfukoni, akaondoka.

Anayeuza vipuri katika mji huu anajua mtu anatafuta gololi moja ya nini. Hapa kwetu paipu ya breki ikivuja, na mtu hana mpya, fundi wa barabarani anafungua ile nati, anatumbukiza gololi mdomoni mwa paipu, anakaza. Oili haitoki tena. Tairi lile linabaki halina breki, lakini pedeli inakuwa ngumu, safi, na mwenye gari anasema limepona. Malori yanashuka mlima wa kwenda ziwani hivyo hivyo, na wengine hufika. Nilijua. Sitaki kujitia hamnazo hapa, nilijua kabisa. Nikarudi kwenye kaunta yangu nikaendelea kupanga plagi, maana nilikuwa nimechoka na kelele za Fahadi, na niliona kwamba hayo ni yao, yeye na Marsiana.

Jumamosi ikafika. Julai kule juu shambani kwa Adriano si mchezo. Upepo unakuja toka upande wa Zambia haukutani na kitu njiani, unaingia kwenye koti mpaka kwenye mifupa, na vumbi jekundu unalitafuna. Watu walijaa. Wengine wanakunywa pombe ya kimpumu saa nne asubuhi kwa vikombe vya plastiki, kisha wanakojoa nyuma ya gari la mtu yeyote, hawatazami hata kama kuna watoto. Nilikuwa nimekuja na binti yangu Munira, wa miaka kumi na minne, amebeba chupa ya chai. Nikamwambia akakae juu ya kichuguu kimoja cha udongo, kwenye kona ya mwisho ya mzunguko, ambako kina mama wengi walikaa ili wasikae karibu na wanaokojoa. Dua yangu ilikuwa moja tu, Fahadi amalize tufunge biashara turudi nyumbani.

Foleni ya magari ikafika zamu yake. Marsiana akaizunguka Starlet, akakagua betri, viti, matairi. Akamwambia Fahadi akae ndani akanyage breki. Fahadi akakanyaga, akatoa kichwa dirishani. "Ngumu kama jiwe! Unasikia, fundi? Jiwe!"

Marsiana akaleta jeki, akainua mbele. Akalizungusha tairi la kulia kwa mkono. "Kanyaga." Tairi likaganda. Akahamia kushoto, akalizungusha. "Kanyaga."

Tairi likaendelea kuzunguka.

"Kanyaga, nimesema."

"Si nimekanyaga!"

Likaendelea kuzunguka, taratibu, linanong'ona, watu wote wanaliangalia. Marsiana akaingiza mkono nyuma ya tairi, akapapasa ile nati. Akatoa mkono, akaufuta. "Umeziba kwa gololi," akasema. "Huingii."

Yaani hapo ndipo ungesikia! Washikaji wa Tunduma wakaanza kupiga miluzi. Mmoja anasema lori la baba yake limetembea na gololi miaka mitatu. Mwingine anasema, "Mama, matatu yanashika, yanatosha! Pikipiki ina mawili tu na inatembea!" Watu wakaangua kicheko, wakapigana mikono. Hoja ya hovyo kama hiyo, na mtu mzima mwenye ndevu anaisema mbele za watu, na wenzake wanamwona ana akili. Fahadi akateremka, uso umemwiva, akaanza kumtukana Marsiana. Mara hajui kitu, mara mwanamke ana gubu, mara amemuonea wivu kwa kuwa gari lake ndilo kali kuliko yote. Bwana Adriano akaja na kipaza sauti chake, akasema neno la fundi ndilo neno, lakini alilisema bila nguvu, anatazama chini, maana watu walikuwa wengi na wamelewa.

Na simu zote zilikuwa juu, zinarekodi. Ukoo wetu unarekodiwa. Jina la mtoto wa baba yangu linasomwa ubavuni mwa lile bati, na watu wanacheka. Aibu ikanipanda toka miguuni. Nikamshika Marsiana mkono, nikamvuta pembeni.

"Marsiana, usituaibishe. Mpige chokaa apite. Matairi matatu yanatosha, nitamwambia aende taratibu."

"Hataenda taratibu, dada. Amekuja kukimbia."

"Nimekusikia. Na wewe kumbuka unafanyia kazi kwenye uwanja wa nani."

Maneno hayo niliyasema mimi. Wala sikuyapandisha sauti. Niliyasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba mvua inakuja afunge dirisha.

Marsiana akanitazama kidogo. Nilijua anafikiria nini, Lydia, sare, geti la bati. "Sawa, dada," akasema. Nikadhani yamekwisha. Akaenda kwa Fahadi, akanyoosha mkono, Fahadi akampa ufunguo huku anawatazama washikaji wake kwa majivuno. Marsiana akalishusha gari kwenye jeki. Halafu, badala ya kuchukua chokaa, akafungua mlango wa kushoto, akanigeukia.

"Panda."

"Nani, mimi?"

"Umesema yanatosha. Panda, dada Kulsumu."

Simu zote zikanigeukia. Nikikataa, nimesema mwenyewe kwamba hayatoshi. Nikapanda. Wakanivalisha kofia ngumu iliyokuwa imeshavaliwa na vichwa vya nusu ya mkoa, inanuka jasho, mafuta ya nywele na kimpumu, imelowa ndani. Wallahi nilibana pumzi. Marsiana akanifunga mkanda, akauvuta mara mbili.

Hakuingia kwenye mzunguko. Akalipeleka gari kwenye ile njia iliyonyooka ya nje, ambako kulia kwake kulikuwa na shamba la mahindi lililovunwa, tupu, halina mtu. "Nitafika sitini tu," akasema, "mwendo wa mjini huo. Kwenye jiwe lile nakanyaga breki. Wewe shika mkanda, usishike usukani."

Tukaenda. Sitini kweli, nilikuwa natazama. Jiwe likafika, akakanyaga.

Gari halikusimama. Liligeuka kulia kwa ghafla, kana kwamba mtu kalishika sikio upande ule akalivuta. Marsiana alikuwa anakata usukani kushoto kwa mikono yote miwili na gari halimsikii. Tukatoka njiani, tukapanda matuta ya mahindi, tu-tu-tu-tu, kichwa changu kinagonga paa, mabua yanapasuka chini, vumbi jekundu ndani nje. Nilisikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo ni mimi. Tulipokoma tulikuwa tumegeuka kabisa, tunatazama tulikotoka.

Nikafungua mlango, nikatapika chai, nikatapika chapati, nikatapika mpaka kofia ikachafuka. Na katikati ya kutapika maneno yakanitoka. "Nilimwona, Marsiana. Nilimwona Jumatano anavunja beringi. Nilijua anaenda kuziba. Nilijua, nisamehe."

Marsiana alikuwa bado kashika usukani. Baadaye akanyoosha kidole kwenye mzunguko, kona ya mwisho, ambako magari hufika yakiwa na mwendo mara mbili ya ule tuliokuwa nao. "Pale ndipo wanapokanyaga breki zaidi," akasema. "Na kulia kwake ni kile kichuguu."

Nikatazama. Munira wangu alikuwa amesimama juu yake, chupa ya chai kaikumbatia kifuani, anatutafuta kwenye vumbi.

Sasa sikiliza watu walivyo. Tunateremka garini, mimi nimelowa matapishi, na wale watu wanapiga makofi. Wanashangilia! "Rudia! Rudia!" Walidhani ni sehemu ya burudani. Mmoja kanijia usoni na simu anataka nimwambie nilijisikiaje. Fahadi akaja mbio, nikajua mdogo wangu anakuja kunishika, damu ni damu. Akanipita. Alikwenda mbele ya gari, akapiga magoti, akaanza kulia. "Bampa langu! Ona bampa langu!" Kisha akasimama akatangaza kwamba kuna mtu kamchezea gari, siyo bure, hii ndiyo Sumbawanga bwana. Gololi kaiweka kwa mkono wake, mchawi anatafutwa kwa jirani. Nimezaliwa tumbo moja na kitu kile. Bwana Adriano akaamuru gari livutwe kwa kamba mpaka mjini.

Jioni Fahadi akaja nyumbani kununa. Akasema Jumatatu yule mwanamke asionekane kwenye uwanja wake.

"Uwanja ni wetu wawili," nikamwambia. "Kwenye nusu yangu anakaa, na kwenye nusu yako nitakaa mimi. Na hilo bati lako halitoki mpaka paipu mpya imefungwa na Marsiana mwenyewe, tena umuombe radhi mbele ya wateja. Toka."

Alitoka. Na mimi nililala nimeridhika. Nilijiona nimetenda haki, nimemtetea mtu. Jumapili paipu ikafika kutoka Mbeya, nikaiweka juu ya kaunta tayari. Nikapika pilau, nikamwekea Marsiana sehemu yake kwenye hotipoti, ya Jumatatu. Nilikuwa nimeshayapanga hata maneno ya kumwambia.

Jumatatu asubuhi nafungua mlango wa nyuma, nakuta kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimeingia kinyumenyume getini. Marsiana anapakia. Jeki mbili zimeshaingia, mashine ya upepo, benchi, boksi la spana. Pale alipokuwa akifanyia kazi alikuwa ameshafagia.

"Unakwenda wapi?"

"Matai. Kuna mtu kanipa banda nyuma ya nyumba yake."

"Marsiana, acha utoto. Fahadi nimeshamkalisha chini, hana la kusema. Hakuna mtu wa kukutoa hapa."

"Sihami kwa ajili ya Fahadi, dada."

"Ila?"

Akaweka chini ndoo aliyoshika. "Fahadi hajui breki. Alitaka kukimbia, mtu akamwambia gololi inatosha, akaamini. Wewe unauza breki, dada Kulsumu. Ulijua tairi halishiki, ukajua wapi gololi imetoka, na ukaniambia nikumbuke uwanja ni wa nani."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema nilipitiwa, nilitaka kusema ni aibu ya watu, nilikuwa na pilau ya kumpa. Kilichotoka ni hiki.

"Sasa huko Matai hakuna wateja. Lydia atasomaje?"

Marsiana akaiokota ile ndoo. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umeona?" akasema. "Hata sasa."

Akaipandisha ndoo, kitu cha mwisho, akakaa mbele pamoja na dereva. Kirikuu kikatoka getini, kikakata kushoto kuifuata barabara ya Matai. Nilibaki nimeshika geti, na kile kinyaa changu chote, cha panya, cha stika, cha wakojoaji na Fahadi wao, kilinirudia mimi mwenyewe, na sikuwa na pa kukitemea.